Ng'ambo imegeuka "Ngâ€™ambo" kwenye kadi ya harusi, na Kiarabu chote kimeharibika. Nisaidieni kabla ya Alkhamisi

#1 MchapajiWaChake

Assalaam alaykum wana jukwaa.

Nina stesheneri hapa Chake Chake. Kazi zangu kubwa ni kadi za harusi, fomu za skuli na matangazo ya misikitini. Jambo hili limenikosesha usingizi tangu juzi na kadi zinatakiwa Alkhamisi, kwa hivyo naeleza kila kitu kama kilivyokuwa.

Mteja alinitumia maneno ya kadi kwa WhatsApp. Nikayafungua kwenye kompyuta, nikayakopi, nikayaweka kwenye Notepad na kuyasevu. Halafu nikaiingiza ile faili kwenye programu yangu ya kupangia kadi. Ni programu ya zamani, lakini mkono wangu umeizoea na mashine yangu ya kuchapia inasikilizana nayo. Kilichotoka ni hiki:

Walima utafanyika Ngâ€™ambo, Unguja
...rehema na amani zimshukie Mtume ï·º
Ø¨Ø³Ù…

Huo mstari wa mwisho ulitakiwa uwe Bismillahi kwa herufi za Kiarabu, nimekata mwanzo wake tu muone.

Nimeshachapa kadi arobaini kabla sijaona. Nilikagua jina la bwana harusi, la bibi harusi, tarehe na saa, nikaona yote sawa, nikatia karatasi. Karatasi zenyewe ni zile ngumu zenye ukingo wa dhahabu. Mteja alikuja akaishika moja akaisoma hadi mwisho. Hakunigombeza, alinyamaza tu, na ule unyamavu umeniuma kuliko angenitolea maneno.

Kisha kuna orodha ya waalikwa 412 aliyonipa, faili ya CSV, nichapishe majina kwenye bahasha. Nikiifungua kwa Excel, kila mwenye anwani ya Ng'ambo ana huo huo uchafu katikati.

Nimejaribu fonti saba. Nimejaribu kuiruka Notepad, nikakopi WhatsApp na kubandika moja kwa moja kwenye programu ya kadi. Ritifaa, kile kijiti cha ng', ikakaa vizuri mara hii, lakini Kiarabu chote kikawa ????. Nikiandika Ng'ambo kwa mkono hapo hapo, inakaa sawa sawia. Herufi ni ile ile, kwa nini ya mkono ipone na ya kubandika iharibike?

#2 Kipanga_Wete

Badilisha fonti yakhe. Mimi yalinitokea vijisanduku kwenye tangazo la khitma, nikaweka fonti nyingine ya Kiarabu yakaisha.

#3 FundiMkunazini

Wa alaykum salaam. Mchapaji, kwanza nakuomba usifute kitu chochote na usiisevu tena ile faili ya Notepad. Iache kama ilivyo. Maneno yako yote yamo ndani yake, mazima.

Kipanga hakukosea kwa alichokiona yeye. Vijisanduku vitupu maana yake kompyuta inaijua herufi ila fonti haina umbo lake, na hapo dawa ni fonti. Lakini Mchapaji hana vijisanduku. Ana aina mbili nyingine za uharibifu na kila moja ina chanzo chake. Tuziangalie moja moja.

Tuanze na Ngâ€™ambo. Kompyuta haiweki herufi, inaweka namba, na kuna jedwali linalosema namba fulani ni herufi fulani. Ritifaa aliyoandika mteja wako ilikuwa iliyopinda, ’, na ile unayoandika wewe kwa mkono ni iliyonyooka, '. Kwa jicho ni ndugu. Kwa kompyuta ni vitu viwili mbalimbali kabisa. Iliyopinda ni U+2019 katika Unicode, jedwali kuu la herufi za lugha zote, na ikisevuwa kwa UTF-8, njia ya kuziandika namba za Unicode kwenye faili, inachukua baiti tatu, yaani namba ndogo tatu: E2, 80, 99. Notepad ya Windows 10 tangu toleo la 1903, la mwaka 2019, inasevu kwa UTF-8 bila kukuuliza. Sasa programu yako ya kadi haijui UTF-8. Yenyewe inasoma baiti moja kuwa herufi moja, kwa jedwali la Windows-1252. Kwenye jedwali hilo E2 ni â, 80 ni €, 99 ni ™. Ziweke kwa safu: â€™. Umeiona?

Iliyonyooka imepona kwa sababu imo kwenye ASCII, jedwali lililoanza mwaka 1963, lenye nafasi 128 tu. Majedwali karibu yote yaliyokuja baadaye yameziacha zile 128 mahali pake. Ken Thompson na Rob Pike walipoibuni UTF-8 mwaka 1992 walihakikisha kuwa maandishi ya ASCII yanabaki baiti kwa baiti kama yalivyokuwa. Na herufi zote za Kiswahili, a mpaka z, zimo humo. Hatuna vikofia na vikia juu ya herufi kama Wafaransa. Kwa hivyo ukurasa mzima wa Kiswahili unapita salama, unaharibika pale penye ritifaa, penye alama za usemi zilizopinda, na penye kistari kirefu. Ndiyo maana jicho lako halikuona. Ulisoma maneno mia yaliyo sawa, la mia na moja ndilo lililokuwa bovu.

Nani aliipinda? Mara nyingi ni simu. iPhone tangu iOS 11 ya mwaka 2017 inapinda yenyewe mtu anapoandika. Word nayo hufanya hivyo miaka mingi.

Kiarabu kwa UTF-8 ni baiti mbili kwa kila herufi, na ya kwanza mara nyingi ni D8 au D9. Kwa Windows-1252 hizo ni Ø na Ù. Kwa hivyo ukiona msitu wa Ø na Ù, jua hapo palikuwa na Kiarabu na bado kipo. Ile ï·º ni sala ya Mtume iliyofungwa kwenye namba moja, ﷺ, U+FDFA, baiti EF B7 BA.

Sasa hizo ???? ulizopata ulipobandika moja kwa moja. Hapo ndipo pabaya. Unapokopi, Windows haiweki nakala moja tu ya maneno, kuna kadhaa: yenye Unicode, yenye mapambo ya ukurasa, na ya mtindo wa zamani. Programu unayobandikia ndiyo inayochagua. Yako imeomba ya zamani. Windows ikajaribu kuigeuza Bismillahi iingie kwenye jedwali la 1252, humo hamna hata herufi moja ya Kiarabu, ikaweka alama ya kuuliza kila ilipokosa. Ritifaa iliyopinda imo kwenye 1252, ndiyo maana mara hii ilipona.

Msitu wa Ø na Ù unarudishika, kwa sababu namba zipo ila zimesomwa kwa jedwali silo. Alama za kuuliza hazirudishiki. Kila herufi imetupwa na ? imekaa mahali pake, na ? zote ni namba ile ile moja. Ukisevu kadi yenye ????, umeipoteza Bismillahi hapo, itabidi urudi kwenye WhatsApp.

Kwa orodha ya waalikwa: usiifungue CSV kwa kuibonyeza mara mbili. Fungua Excel tupu, nenda "Data", halafu "From Text/CSV", chagua faili, na pale palipoandikwa "File Origin" weka 65001, ndiyo UTF-8. Utaona majina yakinyooka kwenye dirisha la kuonesha kabla hujakubali. Ukiwa na LibreOffice ni rahisi zaidi, yenyewe inakuuliza jedwali kila unapofungua CSV.

Fanya hilo kwanza halafu uniambie. Bismillahi tutaishughulikia.

#4 MchapajiWaChake

Subhanallah. Orodha imenyooka yote, 412, sijagusa hata jina moja kwa mkono. Nilikwisha kukaa na kijana wangu tuanze kuandika upya, tumefika jina la sitini.

Swali moja, Fundi. Nimeisevu upya kutoka Excel kwa "CSV UTF-8", na mwanzo kabisa wa faili hiyo mpya, kabla ya neno "Jina" kwenye safu ya kwanza, nikiifungua kwa programu ya kadi naona ï»¿. Hiyo nayo ni nini?

#5 FundiMkunazini

Ni baiti tatu, EF BB BF, ambazo programu nyingine huzitanguliza kumwambia msomaji "faili hii ni UTF-8". Anayeijua lugha hiyo anaisoma na kuinyamazia. Asiyeijua anaichapa. Haina madhara kwa majina, ifute tu kwenye kadi. Kinyume chake pia ni kweli: CSV yenye alama hiyo, Excel huifungua sawa hata ukiibonyeza mara mbili. Ukiwa wewe ndiye unayesevu kutoka Excel, chagua "CSV UTF-8" na utaipata.

#6 Mwl_Kikwajuni

Naomba kuingia hapa maana nimesoma post ya 3 nikashika kichwa.

Mimi ni mwalimu, hapa mjini Unguja, na ndiye ninayewatumia wazazi meseji za skuli kupitia kampuni moja ya meseji za jumla. Muhula uliopita niliandika tangazo kwenye Word, kikao cha wazazi kuhusu "uzio uliong'olewa na upepo", nikalibandika kwenye ukurasa wa kutumia. Herufi 148, nafasi zikiwemo. Wazazi 230. Nilitarajia meseji 230, zikakatwa 690. Niliandika malalamiko, nikaambiwa hesabu ni sahihi. Mwalimu mkuu aliniuliza fedha zimekwenda wapi na sikuwa na jibu la kumpa. Je, inaweza kuwa ni hiyo ritifaa?

#7 FundiMkunazini

Ni hiyo, Mwalimu, na hesabu yako inatoka sawa kabisa.

Meseji ya kawaida ya simu inatumia jedwali dogo la GSM, biti 7 kwa herufi, na meseji moja inabeba herufi 160. Ritifaa iliyonyooka imo. Iliyopinda haimo. Ikipatikana herufi moja tu isiyomo, meseji nzima, kuanzia herufi ya kwanza, inahamishiwa kwenye mfumo wa baiti mbili kwa herufi, na hapo inabeba 70. Ikizidi 70 inakatwa vipande vya 67, kwa sababu kila kipande kinahitaji nafasi ya kusema mimi ni cha ngapi. Herufi 148 kwa vipande vya 67 ni vipande vitatu. Tatu mara 230 ni 690.

Ungeandika uliong'olewa kwa ritifaa ya kunyooka, ingekuwa meseji moja kwa kila mzazi. Emoji moja nayo inaleta gharama hiyo hiyo, na pia kile kistari kirefu ambacho Word huweka chenyewe.

Kwenye Word nenda kwenye mipangilio ya AutoCorrect, AutoFormat As You Type, ondoa tiki ya "smart quotes". Kwenye iPhone ni General, Keyboard, Smart Punctuation. Google Docs nayo inayo, chini ya Tools, Preferences. Ukimaliza, bandika tangazo kwenye Notepad kwanza na ulikague kwa jicho la karibu kabla ya kulituma. Ritifaa ya kunyooka ni kijiti kilichosimama wima, iliyopinda ina kichwa na mkia.

#8 Mwl_Kikwajuni

Kijiti kimoja kimekula meseji 460 za wazazi. Hii post naiprinti kesho naipeleka ofisini. Ahsante sana Fundi, umeniondolea doa.

#9 Dau_la_Mkoani

Mimi naona mnajitesa. Acheni hiyo ritifaa kabisa. Andika Ngambo, ngombe, uliongolewa. Kila mtu ataelewa.

#10 Mwl_Kikwajuni

Ndugu yangu Dau, hapo mimi siwezi kukubaliana nawe, na nasema kama mtu anayefundisha watoto kusoma.

Ng'oa ni kung'oa muhogo shambani. Ngoa ni wivu, ni tamaa, ndiyo tunaposema mtu analia ngoa. Kijiti kile ndicho kinachomwambia mtoto ulimi wake aupeleke wapi. Ng'ombe ukiiandika ngombe, mtoto wa darasa la pili ataitamka kwa g nzito kama ya ngoma, na atakuwa amesoma sahihi kama ulivyoandika. Na sisi watu wa visiwani ritifaa tunayo kwenye kila sentensi: n'takuja, n'shakula, s'endi. Nikiiondoa kwenye meseji kwa sababu kompyuta ya mtu haikutengenezwa vyema, nitakuwa nimeikata lugha ili ienee kwenye chombo. Kiswahili sanifu kimejengwa juu ya Kiunguja. Sisi tusipoitunza ng' yetu, tunamuachia nani?

#11 Dau_la_Mkoani

Nimekuelewa Mwalimu. Lakini basi tuambieni ni ipi, maana mimi naziona nyingi. Kuna ', kuna ’, kuna ile ya kinyume ‘, kuna hii ` ya pembeni ya namba 1. Nina daftari la wateja wa boti kwenye kompyuta, nikitafuta Ng'ambo napata watu wachache, na najua fika ni wengi.

#12 FundiMkunazini

Wapo wote, Dau, ila wameandikwa kwa ritifaa tofauti na kompyuta inawahesabu kuwa wanatoka mitaa tofauti. Fanya Find and Replace, zibadilishe zote ziwe ', mara moja kwa kila aina, kisha tafuta upya.

Kuhusu ipi: Unicode inayo nyingine ya tano, ʼ, U+02BC, ambayo imepangwa katika kundi la herufi kabisa na haihesabiwi alama ya uandishi. Kinadharia ndiyo inayostahili ng' yetu, maana kwetu ile ni sehemu ya herufi. Nimewahi kuishabikia. Lakini kibodi za kawaida hazina, fonti nyingi za kadi hazina, na jedwali dogo la meseji za simu halina. Kwa hivyo msimamo wangu wa leo ni huu: kwenye orodha, kwenye meseji, kwenye kila kitu kitakachotafutwa au kuhesabiwa, iwe ' iliyonyooka. Kwenye karatasi inayochapwa kwa ajili ya macho ya watu, kama kadi ya Mchapaji, ’ iliyopinda inapendeza na haina ubaya. Usizichanganye ndani ya daftari moja tu.

#13 MchapajiWaChake

Narudi na Bismillahi. Kuna mtu aliniambia niende Control Panel, Region, Administrative, pale pa programu zisizo za Unicode nichague Arabic, niwashe upya kompyuta. Nimefanya. Sasa nikibandika sioni tena ????. Naona herufi za Kiarabu zenyewe! Lakini zimekaa mbalimbali, kila moja peke yake, na zinaanzia kushoto. Ya kwanza kushoto ni be, halafu sini, halafu mimu. Siwezi kuchapa kitu kama hicho. Na ile sala ya Mtume imekuwa ? moja.

#14 FundiMkunazini

Umepiga hatua kubwa, na aliyekushauri anajua. Ulichofanya ni kuibadilishia programu yako jedwali, kutoka 1252 kwenda 1256, la Kiarabu. Herufi zinafika sasa. ﷺ haimo kwenye 1256, ndiyo maana imebaki ?.

Kilichobaki si tatizo la namba. Be ina namba moja tu, U+0628, iwe mwanzo wa neno, katikati au mwisho. Kuziunga na kuzipeleka kutoka kulia ni kazi ya programu inayochora, na yako haikufundishwa kazi hiyo. Hutaifundisha leo. Iandike Bismillahi pamoja na sala ya Mtume kwenye Word, fonti nzuri, ukubwa mzuri, isevu kuwa PDF, kisha iingize kwenye kadi kama picha. Ikikataa PDF, ipige kuwa picha kubwa ya kuchapia, dpi 300 au zaidi. Hapo haitakuwa maandishi tena na hakuna jedwali litakaloigusa.

Halafu jambo moja kwa siku za mbele. Unapokopi kutoka programu ya zamani kwenda mpya, badili kwanza lugha ya kibodi iwe Kiarabu, pale chini karibu na saa, ndipo ukopi. Windows inaiangalia lugha ya kibodi ya wakati ule wa kukopi ili kujua isome kwa jedwali gani. Wengi wanabadili wakati wa kubandika, wakati huo imeshachelewa.

#15 MaalimKonde

Assalaam alaykum. Kwa kuwa imetajwa Bismillahi, naomba niongeze neno kwa wachapaji wote, kwa mapenzi.

Musichukue aya kwa kuikopi kwenye PDF ya msahafu na kuibandika bila ya kuisoma. Mimi nasomesha madrasa, niliwahi kutayarisha karatasi za watoto kwa njia hiyo. Kwenye kompyuta yangu aya ilikuwa nzuri kama ilivyo msahafuni. Nikaipeleka kwa mchapaji kwenye flashi, ikatoka vipande vya herufi visivyo na maana yoyote. Nilichokuja kufahamishwa ni kwamba baadhi ya misahafu ya kompyuta, ya mpangilio wa Madina wenye kurasa 604, imetengenezwa kwa fonti 604, kila ukurasa na yake. Namba iliyo ndani haisemi "hii ni alifu", inasema "chora neno la tatu la ukurasa huu". Fonti ikikosekana, hakuna aya. Inabaki takataka, na takataka hiyo ikichapwa chini ya jina la sura ni jambo zito.

Sasa nachukua matini kutoka tovuti ya Tanzil, ambayo ni Unicode ya kawaida na imehakikiwa, na hata hivyo kila karatasi naisoma kwa msahafu mkononi kabla haijafika kwa mtoto.

#16 MchapajiWaChake

Maalim, ahsante. Nimeandika hayo kwenye kikaratasi na kukibandika juu ya mashine.

#17 Bibi_wa_Tenzi

Wanangu, nimesoma yote toka juu. Mjukuu wangu ndiye anayenichapia haya.

Marehemu baba yangu alituachia daftari la utenzi alioutunga mwenyewe, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kwa hati yake. Miaka sita iliyopita kijana mmoja alituchapia kwenye kompyuta yake ya zamani, kazi ya miezi. Kisha akahama. Tumebaki na flashi. Kuifungua, mwanzo ilikuwa herufi za ajabu, mjukuu akabadilisha jedwali hilo mnalolisema la 1256, Kiarabu kikatokea, tukafurahi. Lakini ndani yake muna alama za kuuliza, kila beti mbili tatu, katikati ya maneno. Mwanangu Fundi umesema alama ya kuuliza hairudi. Ndiyo basi?

#18 FundiMkunazini

Shikamoo Bibi. Hapana, siyo basi. Naomba mjukuu aniangalizie kitu. Maneno yenye alama ya kuuliza, yasome kwa sauti ukiwa na daftari. Yana sauti gani pale penye alama?

#19 Bibi_wa_Tenzi

Marahaba mwanangu. Tumekaa tokea alasiri. "?ita", ni vita. "?umilia", ni vumilia. "ne?u", sijui, daftarini ni nyavu, amekosea mchapaji. Ni ve, mwanangu. Zote ni ve. Baba alikuwa akiiandika kwa fe na nukta tatu juu. Pe na che ziko salama.

#20 FundiMkunazini

Bibi, nilikuwa nategemea hivyo hivyo, na nimefurahi mno.

Jedwali la 1256 lina herufi zote za Kiarabu, na wakaongeza chache za Kiajemi na Kiurdu. Ndimo zilimopatia nafasi pe ya پ na che ya چ, na hata گ. Lakini fe ya nukta tatu, ڤ, U+06A4, hawakuiweka. Kijana alipoandika, ilikuwepo. Alipoisevu faili kwa mtindo wa zamani, kila ve ikatupwa, ikawekwa ?. Kiswahili kikakosa ve.

Kawaida hapo ningesema imepotea. Lakini kuna rehema moja. Kwa hati ya Kiarabu alama ya kuuliza ya kweli ni ؟, iliyogeukia upande wa pili, na hiyo ina namba yake nyingine. Kwa hivyo kila ? ya kizungu iliyomo katika utenzi wa baba ni kaburi la herufi, hakuna hata moja ambayo ni swali. Mjukuu afanye nakala ya faili kwanza, aiweke mbali. Nakala ya pili aisevu kwa UTF-8. Kisha ndani yake abadilishe ? kuwa ڤ.

Ila asibadilishe zote kwa mara moja. Waandishi wengine waliandika ng' kwa ghaini yenye nukta tatu, ڠ, na hiyo nayo haimo kwenye 1256, nayo ingekuwa ?. Baba yako huenda aliitumia mahali. Nendeni moja moja, daftari likiwa wazi, kwa kitufe cha "Find Next".

#21 Kipanga_Wete

Bibi, nipo Wete. Mkihitaji mtu wa kupiga picha kurasa za daftari kwa skana nzuri, nitakuja na ya kwangu, sitaki malipo. Hati kama hiyo isikae kwenye flashi moja.

#22 Bibi_wa_Tenzi

Mwenyezi Mungu akubariki mwanangu. Njoo Jumamosi baada ya adhuhuri. Njoo na tumbo tupu.

#23 MchapajiWaChake

Kadi zimetoka. Bismillahi imeunganika, sala ya Mtume imekaa kwa dhahabu, na Ng’ambo ni Ng’ambo. Kabla ya kuchapa nilimwita mteja akakaa hapa kwenye kiti changu akasoma kadi ya kwanza neno kwa neno, mimi nimesimama nyuma yake. Amechukua zote leo asubuhi. Zile arobaini gharama yake nimeibeba mimi.

#24 Bibi_wa_Tenzi

Fundi, ulisema kweli. Beti ya arobaini na moja pana "?ara", na daftarini ni ng'ara, ghaini ya nukta tatu. Tungebadilisha zote kwa pamoja ingekuwa vara.

Leo tumefika ukurasa wa 23. Mjukuu anasoma kwenye kompyuta, mimi nimeshika daftari la baba. Kila akifika penye alama ananyamaza ananisubiri nimwambie.